Vifaranga Vilivyokosa Wenyewe

Mama Aroni ndiye aliyenieleza, tukiwa tumepanga ndoo bombani, kwamba Sekela alimpika mume wake kwa mvuke. Hakunong'ona. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kwamba alikuwa anamfungia chumbani pamoja na ile mashine yake ya kutotolesha mayai, dirisha limefungwa, maji yanatoa mvuke kutwa kucha, mpaka kifua cha Gerson kikajaa. Na kwamba vile vifaranga vilivyotoka watu wakiwa bado wamekaa msibani havikutoka bure.

"Mmoja ameingia shimoni, wengine wametoka kwenye maganda. We jumlisha mwenyewe," alisema. Halafu akamwangalia Happy mgongoni kwangu, akamvutia kofia ifunike sikio. "Na wewe una mtoto mchanga, mama. Unaingia ingia mle ndani."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yetu walinyamaza ili wasikie nitakachojibu. Nilijitwisha ndoo yangu.

Watu hawakuwa wanaongea tu kupitisha muda. Ukoo wa Kalinga, wa marehemu Gerson, ulishakaa kikao siku ya kuanua matanga, na wifi yake Sekela, Esteria, ndiye aliyetoa neno. Alisema wao hawamtuhumu mtu. Wenye mayai wakija kuchukua vifaranga vyao, basi hayo ni maneno ya watu na yatakwisha. Wasipokuja mpaka gulio la Jumamosi lipite, wao kama ukoo watakuwa wamejibiwa, na Sekela atafungiwa mizigo arudi kwao Uyole. Nyumba itabaki kwa Kalinga. Sekela hakuwa na mtoto wa kumzuilia nyumba hiyo.

Sekela ni Mnyakyusa. Gerson alimleta hapa Nyololo wakati bado ana nguvu zake, anapasua mbao kwenye misitu ya Mufindi na kurudi nyumbani ana unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Miaka ikapita bila mtoto. Hapa kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, na yule ambaye hana, watu wanapata shida hata ya kumsalimia. Wazee walimwita mke wa Kalinga. Vijana wakaanza kumwita Mama Mashine, na yeye akawa anaitika, "Abee," kama vile ndilo jina alilopewa kanisani.

Mashine yenyewe alitengeneza Gerson. Kifua kilipoanza kumkataza kwenda msituni, alichukua mbao zake mwenyewe akaunda sanduku la kuta mbili, katikati akashindilia unga wa mbao ili joto lisitoroke, juu akaweka mfuniko wenye kioo. Fundi wa Makambako akafunga balbu, feni ndogo na kile kidude kinachozima na kuwasha joto chenyewe. Kwa kuwa hawakuwa na kuku wengi, walifanya nusu kwa nusu. Unaleta mayai yako yenye jogoo, Sekela anayatotolesha, vifaranga vikitoka unachukua nusu na yeye anabaki na nusu. Hata Mama Aroni alikuwa anapeleka. Hata mimi.

Nilikuwa napenda kukaa kule. Happy alikuwa analala akisikia ule mlio wa feni, na mimi nilikuwa namwangalia Sekela anavyofanya kazi. Alikuwa anageuza mayai mara tatu kwa siku, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto mwenye homa. Joto lilitakiwa likae thelathini na saba na nusu, siyo kupanda wala kushuka. Lakini alisema joto si kazi. Kazi ni unyevu. Kiangazi upepo wa hapa unakausha kila kitu, na yai likikauka mno kifaranga kinagandia kwenye ile ngozi nyeupe ya ndani, kinashindwa kujizungusha. Ukija msimu wa ukungu ni kinyume, maji yakizidi kifaranga kinavimba na kuzama humo humo. Kwa hiyo chini ya mayai kulikuwa na sahani ya maji yenye kitambaa, na kazi yake kubwa ilikuwa kukikunja na kukikunjua kile kitambaa, kupunguza maji, kuongeza maji, huku anaangalia kipimo.

Mwanzo mashine ilikaa sebuleni. Ikashindikana. Kila mtu akifungua mlango, baridi ya Nyololo inaingia naye na joto linashuka. Chumba pekee chenye dari kilikuwa chao cha kulala. Wakaihamishia huko, miguuni pa kitanda, na waya mrefu ukapita chini ya mlango mpaka sebuleni kwenye soketi, maana nyumba ile ina soketi moja. Mwaka huo huo Gerson akawa mtu wa kitandani moja kwa moja.

Hospitalini walishasema wazi. Kifua chake kinataka hewa. Dirisha liwe wazi kila siku, chumba kisiwe na unyevu. Na mayai yanataka chumba kilichofungwa. Dawa za Gerson zilikuwa zinatoka kwenye mayai hayo hayo. Sekela hakuwa na chumba kingine.

Watu wa barabarani walikuwa wanaona dirisha limefungwa na kioo kinatoa jasho. Mimi niliona zaidi kidogo, kwa sababu niliingia. Niliona Sekela akilifungua kila asubuhi, kisha anachukua blanketi lake mwenyewe anaifunika mashine, na yeye anabaki na khanga. Akitoka kwenda kwenye maji, Gerson anashuka kitandani, anashika ukuta, anakwenda kulifunga. Siku moja nilimkuta. Alikuwa amesimama pale dirishani anahema kama amepandisha mlima, koti lake la msituni juu ya pajama.

"Usimwambie," alisema. "Angalia kipimo. Imefika thelathini na sita. Yatakufa haya."

Nilimkumbusha kwamba daktari alisema hewa.

"Hewa nimevuta miaka mingi, Mama Happy. Hawa wa humu ndani ndio hawajavuta bado." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mkono mpaka kitandani. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Kulala kwake kulimpa kazi moja tu, nayo ni kusoma kile kipimo. Alikuwa anakisoma kutoka kwenye mto. "Mama, maji yamepungua." "Mama, imepanda, sogeza mfuniko." Sekela yuko nje anafua, anaacha nguo kwenye beseni anakuja mbio. Nadhani ndiyo namna waliyobakiwa nayo ya kuongea, maana maneno mengine yalikuwa yanamchosha.

Sekela alikuwa anajua kuhusu dirisha. Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba bawaba yake inalia, na akiwa bombani alikuwa anaisikia moyoni. Siku nyingi alirudi akalifungua tena. Siku nyingine, mayai yakiwa karibu kutotoa, alilikuta limefungwa akaliacha. Hilo nalo nililiona. Mama Aroni hakuliona, lakini alilibahatisha, na ndiyo maana maneno yake yanashika.

Gerson alifariki mwezi wa saba, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala barabarani na malori yanapita taa zimewashwa. Mayai yalikuwa yamefikia zile siku za mwisho ambazo hayageuzwi tena wala mfuniko haufunguliwi, unaongeza maji tu na kusubiri. Watu waliokuja kumtoa Gerson chumbani walipita pembeni ya mashine. Mmoja aliegemea mfuniko ili apate nafasi ya kupitisha miguu ya marehemu.

Siku ya maziko jeneza liliwekwa sebuleni. Sekela aliketishwa chini kwenye godoro, karibu na kichwa cha jeneza, Esteria kamshika bega. Kwa desturi ya hapa mjane habanduki pale mpaka mwili utoke. Kwaya ikaja na kinanda na spika. Mwalimu wa kwaya, Obeid, kijana mstaarabu tu, akatafuta umeme, akaona soketi moja ina waya umepita chini ya mlango. Akauchomoa. Akachomeka kinanda.

Nilikuwa nimeingia na kikombe cha uji wa Sekela. Aliniangalia, akaangalia waya uliokuwa umelala sakafuni, akaniangalia tena. Angesema nini, mume yuko mbele yake kwenye sanduku. Nilimwinamia Obeid nikamweleza. Akaniambia, kwa heshima kabisa, "Dada, tukimaliza huu wimbo tunakurudishia." Lakini walikuwa na nyimbo nyingi, na mchungaji alikuwa bado hajafika.

Nikaenda nje kwenye mafiga, nikachota maji ya moto kwenye sufuria kubwa ya msiba, nikayajaza kwenye chupa za mafuta ya kula. Nikazifunga kwenye khanga. Nikapita nazo sebuleni, katikati ya watu, pembeni ya jeneza, nikaingia chumbani. Kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka ishirini na tisa. Nilijua mfuniko haufunguliwi, nikaufungua kidogo, nikazilaza chupa pembeni ya mayai, nikafunga, nikavua shuka lililomfunika Happy mgongoni nikalifunika juu. Zikipoa nabadilisha. Nilipita pale mbele ya marehemu na birika mara nyingi, na kila nikipita macho ya wanawake yalikuwa yananisindikiza. Kwaya inaimba kuhusu nyumba ya juu. Sekela kafumba macho.

Naamini maneno ya bombani yalianzia pale. Walichokiona ni kwamba mwili uko ndani haujatoka, na kuna mtu anapeleka maji ya moto kwenye chumba alichofia. Kwa macho yao hawakusema uongo.

Tuliporudi kutoka makaburini niliuchomeka waya. Siku ya kutotoa ikapita kimya. Ya pili nayo ikapita. Sekela alikuwa pale pale kwenye godoro anapokea pole, na kila mtu akimshika mkono anashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga," lakini sikio lake liko chumbani. Asubuhi ya tatu, mzee wa kanisa akiwa katikati ya sala, sauti zikaanza. Kwanza moja. Halafu nyingi, nyembamba, zinalia. Mzee akasita, akaendelea, akasita tena. Watu wakafumbua macho.

"Hata hajapoa ardhini," Esteria alisema.

Kisha akainuka, na wengine wanne nyuma yake, wakaenda kuona. Sekela alimwita, "Wifi, msifungue, nakuombeni, maji yatatoka." Nadhani alikuwa na maana ya unyevu. Waliacha mfuniko wazi wamesimama kuangalia, wanavutana khanga, wanaonyeshana, mpaka ule mvuke wote uliokuwa umekaa mle ukapanda darini. Vilivyokwisha kutoka havikuathirika. Lakini vilivyokuwa ndiyo vimetoboa, vimetoa mdomo, ile ngozi ilivikaukia mwilini kama gundi. Vililia vikiwa nusu ndani nusu nje.

Hapo Sekela aliondoka kwenye godoro. Hakuomba ruhusa. Alipiga magoti mbele ya mashine na bakuli la maji ya vuguvugu na kipande cha khanga ya zamani, akawa analowesha kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole, anasubiri, analowesha tena. Ukivuta kwa nguvu unakipasua. Nilikaa pembeni yake nikiwa namnyonyesha Happy. Mikono yake ndiyo ilikuwa imetulia. Machozi yalikuwa yanadondoka yenyewe, ndiyo siku ya kwanza nilimwona analia tangu Gerson afariki. Vingine alivikomboa. Vingine vilinyamaza mkononi mwake, akavipanga kwenye sinia, akavifunika. Mlangoni wanawake walikuwa wamejaa, na kwa jinsi alivyoinama pale walimwona mtu anayeosha maiti.

Vilivyopona havikufika nusu ya mayai. Ila vilikuwa vizima, vina manyoya, vinakula.

Na wenyewe hawakuja.

Siku hiyo ya bombani ilikuwa Ijumaa. Nilipeleka ndoo nyumbani, nikakaa kidogo. Baba Happy alikuwa safarini na gari la mbao, na kwenye simu alishaniambia nisilete kitu chochote kutoka kwa Kalinga. Alisema si kwamba anaamini, ila yeye ni mtu wa barabara, na mimi nabaki na mtoto peke yangu. Nikamwelewa. Nikafikiri sana, nikapata njia niliyoona ni nzuri. Nitamwambia Sekela fungu langu abaki nalo, liwe rambirambi yangu. Hatabaki na uchungu, na mimi sitaingiza kitu nyumbani. Niliona kabisa ni jambo la upendo. Njiani nililipanga vizuri maneno yake.

Nilimkuta chumbani. Kitanda kilikuwa kimetolewa, ndugu walishakichukua, na mahali kilipokuwa aliweka boksi kubwa lenye balbu, vifaranga vimekaa chini ya ule mwanga. Dirisha lilikuwa wazi. Mizigo yake ilikuwa imefungwa kwenye viroba viwili, imesimama ukutani. Hakuwa amesubiri Jumamosi ipite.

Tulisalimiana. Alimpokea Happy, akampakata, akamwacha achungulie kwenye boksi. Nikatoa maneno yangu. Nilisema nimeona niache fungu langu kwake, kama rambirambi, limsaidie kuanza.

Aliuzuia mkono wa Happy usishike vifaranga.

"Mama Aroni naye kaniachia," alisema. "Alisimama pale nje, hakuingia. Rambirambi. Mke wa mzee wa kanisa kaniachia. Yule wa dukani kanitumia mtu, anasema amenipa. Wote wamenipa, Mama Happy. Sijaona mtu hata mmoja amekuja kuniambia anaogopa."

Nilitaka kusema mimi siko hivyo, lakini neno hilo hilo la rambirambi ndilo nililokuwa nimetoka kulisema.

Hakunigombeza. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza mambo ya kitambaa na maji. Akasema kwao Uyole atapokelewa, kaka zake si watu wabaya. Lakini akiondoka na vifaranga hivi vyote, watu watasema ameondoka na bei ya Gerson kwenye boksi. Akiviacha, watasema amevikimbia. Angeviua, wangesema ameficha ushahidi. Na Gerson, aliyeunda mashine ile kwa mikono yake na kuisoma mpaka siku ya mwisho, atabaki hapa kwenye midomo ya watu kama kuku aliyechinjwa kwa uganga. Akaniuliza kama nadhani Gerson alistahili hicho. Nikasema hapana.

"Dirisha alikuwa analifunga yeye," alisema. "Unajua. Ulimwona."

"Nilimwona."

"Na siku nyingine nililiacha. Hilo ni la kwangu na Mungu, nitalibeba. Lakini sikuliacha kwa ajili ya uganga."

Happy alikuwa amelala mapajani kwake. Sekela alimvuta soksi vizuri, akaniinulia, akanisaidia kumfunga mgongoni, akakaza khanga mwenyewe pale kifuani kwangu kama mama anavyomfunga binti yake anayebeba kwa mara ya kwanza. Kisha akaingiza mikono kwenye boksi, akavihamisha vya kwangu kimoja kimoja kwenye tenga dogo alilokuwa ametandika majani makavu, akaliweka chini ya balbu. Alikuwa ameshalitandika kabla sijafika.

"Rambirambi sitaki," alisema. "Nataka uje kesho uchukue vyako. Usubiri jua litoke kwanza, visipigwe baridi. Halafu usipite njia ya nyuma, na usifunike tenga. Nakuomba upite navyo katikati ya gulio, mbele ya Mama Aroni, na Happy akiwa hapo hapo mgongoni, na mtu akikuuliza umevitoa wapi, umwambie ni vya Gerson Kalinga."